Kompyuta ikigoma, tovuti ikizimika: mahali pa kuanzia

Kila inapokaribia tarehe 30 Juni, foleni hurefuka katika saiba za Kibera na Kawangware, jijini Nairobi. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA), na wakazi wengi wa mitaa hiyo hawana kompyuta nyumbani. Wengine hufika kutafuta cheti cha maadili mema au stakabadhi nyingine za serikali, ambazo tangu 2014 zimekuwa zikihamishiwa katika tovuti ya eCitizen. Kompyuta ikigoma siku kama hiyo, hasara si ya mwenye saiba peke yake. Mteja aliyepitwa na siku hiyo huandamwa na faini.

Hata hivyo, hitilafu nyingi za kompyuta hutokana na visababishi vichache vinavyojulikana. Anayevichunguza kwa utaratibu, akianza na kilicho rahisi, mara nyingi hutatua tatizo kabla ya kumlipa fundi. Utaratibu huo huo ndio unaofaa kwa msimamizi wa tovuti ya kikundi, ya shule au ya biashara ndogo.

Stima, joto na vumbi

Kompyuta isipowaka kabisa, jambo la kwanza ni kuhakikisha kuwa stima inafika. Chaja ya simu ikichomekwa katika soketi ile ile, itaonyesha mara moja iwapo kosa ni la soketi au la kompyuta. Kisha hukaguliwa waya, na baadaye kisanduku cha stima kilicho nyuma ya kompyuta ya mezani.

Kisanduku hicho kina hatari ambayo wanunuzi wa kompyuta za mitumba hawana budi kuijua. Stima ya nyumbani nchini Kenya ni ya volti 240, ilhali ile ya Marekani ni ya volti 120. Baadhi ya visanduku vina swichi ndogo nyekundu yenye alama 115 na 230. Swichi ikiwa imeachwa katika 115, kompyuta huungua punde inapochomekwa. Ni sharti isogezwe hadi 230 kwanza.

Stima inapopotea na kurejea ghafla, huweza kuja na nguvu nyingi kupita kiasi. Ni vyema kuzima soketi pindi inapopotea, na kusubiri dakika kadhaa baada ya kurejea. Kifaa cha UPS humpa mtumiaji muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa njia ya kawaida.

Vyumba vya mabati hupata joto kali mchana, na vumbi la vichochoro huingia katika feni. Kompyuta inayozimika yenyewe baada ya dakika kumi au ishirini za kazi, kisha ikawaka tena ikipoa, huenda inasumbuliwa na joto. Dawa ni kuchomoa waya, kufungua kifuniko na kupangusa vumbi kwa brashi laini na kavu huku mabawa ya feni yakizuiwa kwa kidole yasizunguke.

Ikiwa kompyuta inalia mfululizo na skrini haionyeshi chochote, mara nyingi vijiti vya kumbukumbu vimelegea au vimeshika uchafu. Stima ikiwa imechomolewa, vijiti hutolewa, sehemu zake za madini zikasuguliwa taratibu kwa kifutio cha penseli, kisha vikarudishwa hadi vishike barabara.

Saa inayorudi nyuma

Lipo kosa moja dogo linalowahangaisha wengi: intaneti ipo, lakini kila tovuti yenye usalama inakataa kufunguka kwa madai kwamba si salama. Kabla ya kulaumu mtandao, yafaa kutazama tarehe ya kompyuta. Tovuti hizo hutumia vyeti vyenye siku ya kuanza na ya kwisha. Ikiwa saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka kadhaa, vyeti vyote vitaonekana batili. Kisababishi huwa ni betri ndogo ya duara ya volti 3, yenye alama CR2032, ambayo huitunza saa wakati kompyuta imezimwa. Ikiisha nguvu, hubadilishwa kwa bei nafuu.

Intaneti yenyewe ikipotea, swali la kuuliza ni nani mwingine aliyeathirika. Kompyuta zote za saiba zikikosa mtandao, tatizo liko katika ruta au kwa kampuni inayotoa huduma. Ikiwa ni moja tu, tatizo liko katika waya wake au mipangilio yake. Na ikiwa tovuti moja tu ndiyo isiyofunguka, basi kosa ni la tovuti hiyo.

Virusi, diski na programu zilizozeeka

Kompyuta iliyo nzito kufanya kazi ianze kwa kuzimwa na kuwashwa upya, kwa kuwa hatua hiyo huondoa kwenye kumbukumbu programu zilizokwama. Uzito ukiendelea, huangaliwa kama diski imejaa, na kama kuna programu nyingi zinazojifungua zenyewe kila inapowashwa.

Flashi inayopitishwa kutoka kompyuta hadi kompyuta ndiyo njia kuu ya virusi katika sehemu za kupiga chapa. Virusi vya aina moja huficha folda za mtu na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale. Mwenye flashi hudhani kazi yake imefutika, na huenda akakubali kuisafisha yote. Asifanye hivyo. Kwa kawaida faili zake zingali ndani, ila zimefichwa. Asibofye njia hizo za mkato. Flashi isafishwe kwa programu ya kupambana na virusi, kisha mipangilio ya kuonyesha faili zilizofichwa iwashwe.

Diski inayotoa sauti ya kugonga-gonga ni jambo zito zaidi. Kila inapowashwa huzidi kujiharibu, hivyo izimwe mara moja na ipelekwe kwa mtaalamu ikiwa ina kazi muhimu isiyo na nakala.

Aidha, mnunuzi wa kompyuta kuukuu aulize inatumia mfumo gani. Kampuni ya Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Kwa mashine kama hizo, mifumo ya bure ya Linux ni njia mojawapo ya kuendelea kupata marekebisho ya usalama.

Funzo kutoka Kibera

Hadi 2009, ramani za umma zilionyesha sehemu kubwa ya Kibera kama eneo tupu, ingawa vijiji kama Kianda, Gatwekera, Lindi na Laini Saba vilijaa nyumba, shule na zahanati. Mwaka huo vijana wa mtaa, chini ya mradi wa Map Kibera, walitembea na vifaa vya GPS na kuchora mtaa wao. Mwaka uliofuata ilianzishwa tovuti ya Voice of Kibera, ambamo wakazi waliweza kutuma habari kwa ujumbe mfupi wa simu. Tovuti hiyo ilitumia programu ya Ushahidi, iliyobuniwa na Wakenya na wenzao mnamo Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi.

Ramani ya vijana hao iliwekwa katika OpenStreetMap, ambamo mtu yeyote anaweza kupakua data na kuihifadhi. Kwa hivyo haikutegemea kompyuta moja, ofisi moja wala mtu mmoja. Tovuti nyingi za vikundi hukosa kinga hiyo, na ndiyo sababu hutoweka.

Mambo ya kusimamia katika tovuti

Jina la tovuti halinunuliwi milele. Hukodishwa kwa muda, aghalabu mwaka mmoja, na majina yanayoishia na .ke husimamiwa na shirika la KENIC. Ada isipolipwa, tovuti huzimika, na hatimaye jina laweza kuchukuliwa na mwingine. Ni muhimu jina lisajiliwe kwa kikundi chenyewe, na kwa anwani ya barua pepe ambayo viongozi wake wanaweza kuifungua. Likisajiliwa kwa fundi aliyeijenga tovuti, kikundi hubaki mikono mitupu siku fundi huyo anapohama.

Tovuti ikikataa kufunguka, ijaribiwe kwa simu yenye mtandao tofauti, na nambari ya kosa isomwe. 404 yamaanisha kwamba ukurasa haupo au anwani imekosewa. 403 ni kunyimwa ruhusa. 500 ni hitilafu ndani ya seva, ambayo mara nyingi hufuatia mabadiliko yaliyofanywa karibuni. 503 ni huduma kutopatikana kwa muda, pengine kwa sababu ya kuzidiwa.

Programu zinazoendesha tovuti zisasishwe kila marekebisho yanapotolewa, maana wavamizi hutafuta zile zilizoachwa nyuma. Kila msimamizi awe na nenosiri lake, na anayefanya kazi katika saiba asikubali kivinjari kilihifadhi. Atoke kwenye akaunti kabla ya kuondoka. Tovuti inayokusanya majina na nambari za simu za watu ina wajibu pia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Nakala za akiba ziwe angalau mbili, na moja ikae mbali na seva na mbali na ofisi, kwani moto au wizi huchukua vyote vilivyo pamoja. Nakala ijaribiwe kwa kufunguliwa. Ambayo haijawahi kufunguliwa haina uhakika.

Yote haya huhitaji daftari moja la kawaida: siku jina la tovuti linapokwisha, siku ya nakala ya mwisho, hitilafu iliyotokea na jinsi ilivyotatuliwa. Msimamizi mpya akikabidhiwa daftari hilo, hatalazimika kuanza upya.