Ukinunua risiva ya sinema ya nyumbani, soma mgongo wake kabla ya katoni

WANUNUZI wengi wa risiva ya sinema ya nyumbani, ile mashine inayopokea picha na sauti kutoka kwa king'amuzi au mtambo wa DVD kisha kuzigawia runinga na spika, huvutiwa kwanza na tarakimu za kwenye katoni. Katika maduka ya Kitale na Bungoma, kama ilivyo kote nchini, tarakimu hizo aghalabu huandamana na herufi PMPO, na hufika maelfu ya wati. Mnunuzi asizitilie maanani hata kidogo.

PMPO ni kilele cha nguvu ambacho mashine haiwezi kukidumisha. Kipimo cha kuaminika ni RMS, na hata hicho sharti kisomwe pamoja na masharti yake. Wati 80 zilizopimwa mikondo miwili ikifanya kazi kwa pamoja, kwenye spika za omu 8, kwa sauti zote kuanzia nzito hadi nyembamba, zaweza kuzishinda wati 150 zilizopimwa kwa mkondo mmoja, omu 6, huku sauti ikiwa imeharibika kwa asilimia 10.

Iwapo masharti hayo hayakuandikwa, igeuze mashine usome kibandiko cha nyuma. Hapo huonyeshwa kiasi cha umeme inachotumia, na hakuna risiva iwezayo kuendelea kutoa nguvu nyingi kuliko inazopokea. Kibandiko kikisema wati 60 na katoni ikidai wati 5,000, hiyo ya pili ni hadithi ya Abunuwasi.

Kwa vifaa vya mitumba, kibandiko hicho ndicho hakimu. Umeme wa Kenya ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Risiva iliyoundiwa soko la Uingereza haitakuwa na tatizo. Ile ya Japani hutaka volti 100 na ya Marekani 120. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja, huenda ikaungua papo hapo. Transfoma ya kupunguza volti husaidia, mradi uwezo wake uzidi matumizi ya risiva, lakini haibadilishi idadi ya mizunguko. Mashine iliyobuniwa kwa mizunguko 60 pekee yaweza kupata joto kupita kiasi ikipewa 50. Mimi ningeiacha dukani, hata kama bei ni ya kutupa.

Sasa tuje kwenye sauti yenyewe. Mfumo wa 5.1 una spika tatu mbele, mbili ubavuni au nyuma ya msikilizaji, na moja ya besi. Dolby Digital, iliyoeneza mfumo huo, ilianza kusikika katika majumba ya sinema mwaka wa 1992 kwa filamu ya Batman Returns, kisha ikaingia kwenye DVD. Spika ya kati ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Kwa hivyo nenda dukani na DVD halali ya filamu unayoijua vyema, si nakala iliyobanwa kwenye flashi, na usikilize maneno kabla ya milipuko. Muuzaji hupenda milipuko.

Tazama pia waya anazotumia. Zile nyekundu na nyeupe hubeba mikondo miwili tu. Risiva yaweza kuisambaza kwenye spika zote tano, lakini huko ni kukisia. Mikondo sita kamili huhitaji HDMI, au waya wa dijitali.

Kuhusu picha, usihesabu matundu ya HDMI pekee. Baadhi ya risiva za miaka ya kwanza ya HDMI hupitisha picha bila kuichukua sauti. Za HDMI 1.4, ya mwaka wa 2009, hupitisha picha za 4K zisizozidi 30 kwa sekunde, HDMI 2.0, ya 2013, ilifikisha 60. Filamu za 4K zenye ulinzi huhitaji pia HDCP 2.2 katika kila kifaa njiani, la sivyo skrini yaweza kubaki nyeusi. Mwenye kibanda cha kuonyesha kandanda Kiminini au Chwele hana haja kubwa ya hayo: na achomeke king'amuzi kwenye runinga moja kwa moja, kisha airudishe sauti kwenye risiva kupitia tundu lenye alama ya ARC.

Chumba nacho kina neno lake. Mvua ikinyesha juu ya mabati yasiyo na dari, hakuna risiva itakayookoa mazungumzo. Kuta tupu za saruji hurudisha mwangwi. Zulia na mapazia mazito huweza kufaidi kuliko wati 50 za ziada.

Magharibi mwa Kenya, radi ni za kawaida. Kifaa cha kudhibiti volti hufaa stima inapopanda na kushuka, lakini si kinga dhidi ya radi iliyopiga karibu. Kabla ngurumo hazijaanza, chomoa waya wa stima, na ule wa antena au dishi pia.