Ukishafunga kitabu cha mwisho: Mtwara, gesi na machozi ya msomaji

Umewahi kumaliza mfululizo wa riwaya, ukafunga kitabu cha mwisho, halafu ukabaki umekaa tu kama mtu aliyemsindikiza mgeni stendi? Basi limeshaondoka, vumbi limetulia, wewe bado umesimama palepale. Kama umewahi, makala hii ni yako. Kama hujawahi, endelea kusoma, siku yako itafika. Tahadhari moja tu: nitataja mwisho wa hadithi maarufu.

Mimi yalinikuta Mtwara mjini mwaka 2013, nikiwa sekondari. Binamu yangu aliyekuwa anasoma Dar aliniachia vitabu vitatu vya The Hunger Games vya Suzanne Collins, vilivyotoka 2008, 2009 na 2010. Vilikuwa vimechakaa, cha pili hakina hata jalada. Ni riwaya za distopia, yaani zinazochora jamii ya kesho iliyoharibika. Nchi yenyewe inaitwa Panem. Ina makao makuu yaliyojaa anasa, na wilaya zinazoyalisha. Wilaya ya 12, anakotoka binti Katniss, inachimba makaa ya mawe. Makaa yanaondoka, wachimbaji wanabaki na njaa.

Sasa fikiria unasoma hayo Mtwara, mwaka huo.

Kwa wasiokumbuka: gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, upande wa Msimbati, si mbali na pale Mto Ruvuma unapoingia baharini. Miaka 30 baadaye ukaanza ujenzi wa bomba la kuipeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Watu wengi wa kusini wakauliza: sisi tunabaki na nini? Serikali ikajibu kwamba gesi ni mali ya Watanzania wote. Desemba 2012 yakafanyika maandamano makubwa. Januari 2013 zikatokea ghasia. Mei 22, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni Dodoma, mji ukawaka tena. Majengo yalichomwa, wanajeshi wakaletwa, watu wakapoteza maisha.

Sisi nyumbani tulijifungia. Harufu ya matairi iliingia mpaka chumbani. Mama alitukataza kusogelea dirisha, tukala ming'oko iliyobaki juzi yake, na mimi nikaendelea na kitabu cha tatu, Mockingjay, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya.

Nikakimaliza. Vita inaisha, mtawala dhalimu anaanguka, lakini Prim, mdogo wake Katniss ambaye hadithi nzima ilianza kwa ajili yake, ameshakufa. Katniss anarudi kwenye wilaya iliyogeuka majivu. Miaka inapita, anapata watoto, ila majinamizi hayamwachi. Yaani hata ushindi wenyewe hauna shangwe. Nikalia kwelikweli. Mama akadhani ni milio ya nje, akanikumbatia. Sikuweza kumwambia kwamba namlilia binti ambaye hayupo duniani. Niliona aibu: watu wa kweli wanaumia mtaani, mimi nalilia karatasi?

Aibu ile ndiyo iliyonifanya, miaka mingi baadaye, nianze kusoma historia ya jambo hili. Na nimegundua sikuwa wa kwanza.

Desemba 1893, Arthur Conan Doyle alimuua mpelelezi wake Sherlock Holmes katika jarida la Strand la London. Wasomaji walikasirika, wakamwandikia barua za lawama. Mwaka 1903 Doyle alisalimu amri, akamfufua. Mwaka 1956, watafiti wa Marekani Donald Horton na Richard Wohl walieleza jinsi watazamaji wa televisheni wanavyojenga ukaribu na watu wa kwenye skrini wasiowajua hata jina. Ni urafiki wa upande mmoja, ila hisia zake ni za kweli. Watafiti wa baadaye wakaona hali hiyohiyo kwa wahusika wa kubuni. Kwa hiyo ukiishi na Katniss kurasa zaidi ya elfu moja, usishangae akiondoka ukaumia.

Lakini hiyo inaeleza nusu tu. Mbona hadithi nyingine tunazimaliza tukiwa na furaha? Hapa turudi kwetu.

Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, chini ya ukoloni. Ni nchi iliyo angani, na Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria. Wajumbe wa Kusadikika waliotumwa kutafuta maarifa nje walirudi na mawazo mazuri, wakaishia gerezani. Distopia kamili! Ila mwisho wake unatuliza: Karama anashinda, haki inarudi. Unafunga kitabu ukiwa umeshiba.

Miaka 40 baadaye, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya fupi mbili zinazosomwa kama pacha. Wakati huo ndoto ya Azimio la Arusha ilikuwa inafifia. Humo hakuna mfalme wa kusawazisha mambo mwishoni. Dunia inateketea, na wanaobaki wanapaswa kuanza upya. Unamaliza ukiwa na swali, si jibu. Katika hilo, Kezilahabi na Collins ni majirani.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha maumivu. Distopia nzuri haikuachi na msiba tu, inakukabidhi swali: baada ya moto, watu wanaishije? Na swali hilo ni zito kubebwa na mtu mmoja. Wazee wetu wa pwani walilijua hili kwa namna yao. Msimulizi alipofika mwisho, alitamka kwamba uzuri wa hadithi ni wa wote, na ubaya wake aachiwe yeye peke yake. Hadithi ilimalizwa mbele ya watu, na kila mtu akaondoka na fungu lake. Sisi wa vitabu tunamaliza peke yetu, chumbani.

Mji ulipotulia, niliwaazima wanafunzi wenzangu vitabu vile. Ilichukua karibu muhula mzima kuzunguka. Siku moja, chini ya mkorosho nyuma ya shule, tukakaa watano tuliokwisha kuvimaliza. Tulianza na Katniss, tukafika Msimbati bila kujua tumevukaje. Mmoja wetu alisimulia, kwa mara ya kwanza, kilichoipata familia yake mwezi Mei. Hakuwahi kukisema kabla, na nadhani asingekisema kama tungemuuliza moja kwa moja. Hakuna aliyemkatisha.

Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Bado watu wa Mtwara wanabishana kama walipata walichostahili, na hilo halitaamuliwa na riwaya. Ila aibu yangu ya siku ile imekwisha. Kumlilia binti wa kubuni hakukunifanya niwasahau watu wa kweli. Kulinipa maneno ya kuanzia nilipokuja kukaa nao.

Basi ukimaliza mfululizo wako unaoupenda, usikimbilie kitabu kingine ili kuua huzuni. Mwazime mwenzako, msubiri amalize, halafu mtafute kivuli mkae.