Rai ya Wananchi na Kura: Mafunzo kutoka Milima ya Usambara

Utamaduni wa siasa ni mazoea na itikadi ambazo watu wa mahali fulani wanazo kuhusu uongozi: nani anastahiki kutawala, raia ana haki gani ya kusema, na kiongozi anapokosea afanyiwe nini. Wataalamu wawili wa Marekani, Gabriel Almond na Sidney Verba, waliitangaza fikra hii katika kitabu chao cha mwaka 1963, walipolinganisha watu wa Marekani, Uingereza, Ujerumani Magharibi, Italia na Mexico. Hoja yao ilikuwa kwamba sanduku la kura peke yake halitoshi. Yaliyomo vifuani mwa watu kuhusu serikali yao ndiyo yanayolipa sanduku hilo uzito.

Wengi wetu visiwani tunazijua siasa za Marekani kwa habari za redio na simu kuliko tunavyozijua za jirani zetu wa bara. Makala haya yanatazama Lushoto na milima ya Usambara, mkoani Tanga, upande wa pili wa bahari kutoka Pemba. Huko suala la rai ya wananchi lina historia ndefu.

Mfalme na nchi

Kabla ya ukoloni Wasambaa walitawaliwa na ukoo wa Kilindi, ambao asili yake inatajwa kuwa ni Mbegha, na makao makuu yao yalikuwa Vugha. Mfalme aliyevuma zaidi ni Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Utawala wake ulifika hadi Pwani, na viongozi wa miji iliyo kati ya Pangani na Vanga walikuwa wakitambuliwa naye na pia na Sultani wa Zanzibar. Habari za ukoo huo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, aliyeishi na kufanya kazi kwa watawala hao. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilitolewa upya mwaka 1962.

Wasambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpimia mtawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mvua ikinyesha, ndizi zikazaa na watu wakashiba, mtawala alihesabiwa kuwa ameiponya nchi. Wakuu wakigombana na njaa ikaingia, ilisemwa kwamba nchi imeharibiwa. Hata siku ya kutawazwa, mfalme mpya alikumbushwa na raia wake kwamba wanataka mvua na chakula, na kwamba asipowatendea wema wanaweza kumwondoa.

Sisi Waislamu tunaamini kuwa mvua inateremshwa na Mwenyezi Mungu peke yake, wala hakuna mfalme mwenye mamlaka nayo. Lakini ndani ya mazoea yale mna maana moja isiyopingika: raia walijiona wana haki ya kumhesabu mtawala kwa hali ya maisha yao, si kwa ukubwa wa ukoo wake. Baada ya Kimweri kufariki watoto na wajukuu wake walipigania ufalme kwa miaka mingi, na watu wa Bonde wakawafukuza Wakilindi kutoka nchi yao katika uasi unaojulikana kama Kiva.

Matuta: rai isiyo na kura

Waingereza walitawala Usambara kwa kuwatumia machifu. Mwaka 1946 walianzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye wakaueneza sehemu nyingine za milima. Wakulima waliamrishwa kuchimba matuta kwenye miteremko mikali, na machifu ndio waliotumwa kuwasimamia. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Ardhi ilikuwa haitoshi, na aliyekataa aliadhibiwa.

Wakulima wale hawakuwa na kura. Walichokuwa nacho ni kugoma, kulalamika hadharani na kumwambia chifu usoni kwamba anaiharibu nchi. Jambo kama hilo lilitokea Uluguru, ambako mwaka 1955 watu waliandamana kupinga matuta. TANU, iliyoundwa tarehe 7 Julai 1954, ilipopanda milimani iliwakuta watu wenye malalamiko tayari na lugha yao ya kuyasemea. Kabla ya Uhuru mpango wa Usambara ulikuwa umekwisha kuachwa, na mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliyafuta mamlaka ya machifu.

Somo la hapa ni kwamba serikali ilikuwa na lengo la maana, kwani udongo kweli ulikuwa ukiporomoka. Lililouangusha mpango ni kuamrishwa watu bila kushauriwa. Kwa Muislamu, neno shura si geni. Qur'ani Tukufu ina sura nzima yenye jina hilo.

Kura za mwanzo

Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Haukuwa wa watu wote. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato au elimu ya kiwango fulani, na alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Muasia mmoja. Wengi ndani ya TANU walitaka kuususia. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 chama kiliamua kushiriki, na hatua hiyo hadi leo inaitwa Uamuzi wa Busara. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda.

Visiwani uchaguzi wa kwanza ulikuwa Julai 1957, na wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura.

Rai ya wengi na haki ya wachache

Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Karibu asilimia 80 walitaka kubaki na chama kimoja. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Tume iliona kwamba hata wachache wana haki ya kusikilizwa, na kwamba wengi wa waliotaka chama kimoja nao walitaka mageuzi. Kuhesabu rai ni jambo moja, kuifahamu ni jambo jengine.

Visiwani tulipata nafasi kama hiyo tarehe 31 Julai 2010. Katika kura ya maoni, asilimia 66 ya waliopiga kura waliridhia serikali ya umoja wa kitaifa, baada ya miaka ya khitilafu zilizogawa hadi familia na misikiti.

Kujitokeza na kubaki nyumbani

Katika uchaguzi mkuu wa Tanzania wa 2005, waliojitokeza walikuwa asilimia 72 ya walioandikishwa. Mwaka 2010 walishuka hadi 43, wakapanda hadi 67 mwaka 2015, kisha wakashuka tena hadi karibu 51 mwaka 2020. Marekani nako, mwaka 2020, takriban theluthi mbili ya wenye haki walipiga kura, na kwao hicho kilikuwa kiwango cha juu kabisa kwa zaidi ya miaka mia. Aidha, rais wa huko huchaguliwa na wajumbe 538, hivyo mwaka 2000 na 2016 aliyepata kura nyingi za wananchi hakuwa rais.

Kwa hiyo kubaki nyumbani si lazima kuwe ni ujinga au uvivu. Mtu hupima: je, kura yangu itahesabiwa, na ikihesabiwa itabadilisha nini? Anayetaka watu wajitokeze kwanza awape jawabu la masuali hayo mawili.

Tofauti za kuzijua

Mpiga kura wa Lushoto, Mlalo au Bumbuli hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Mzanzibari hupewa tano, kwa kuongezewa ya Rais wa Zanzibar na ya Mwakilishi.

Chini kabisa ndipo penye tofauti kubwa. Milimani, kila mkaazi wa kijiji aliyefikia miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa. Mkutano huo ndio mahali pa kuulizia mapato na matumizi ya kijiji. Visiwani sheha huteuliwa. Basi ndugu zetu wa bara wana mlango ambao sisi hatunao, na wengi wao hawauingii.

Mzee wa Vugha wa zamani hakuwa na karatasi ya kura, lakini alijua la kumuuliza mtawala: je, nchi imepona? Sisi tuna karatasi. Suali lile halijazeeka, na linafaa kuulizwa kila siku baina ya uchaguzi mmoja na mwengine, kwa adabu, bila ya kukatana udugu.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.