Beit al-Ajaib: Jumba Lililohimili Mizinga

Familia nyingi zilizovuka kwa boti kwenda kutembea Unguja miaka ya 2000 zina picha zinazofanana: watoto wamejipanga mbele ya jumba jeupe la Forodhani, nyuma yao roshani ndefu na mnara wa saa. Jumba hilo ni Beit al-Ajaib, na picha hizo leo zina thamani kubwa kuliko walivyodhani waliozipiga.

Sultani Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na kupokea wageni wa heshima. Ndilo lililokuwa jengo la kwanza Zanzibar kupata umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Watu wakaliita Jumba la Maajabu, na hawakutia chumvi. Aliyeingia alipita milango mipana ya mbao iliyonakshiwa aya za Kurani, kisha akajikuta katika ukumbi ulio wazi hadi juu, ghorofa zikiuzunguka. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa; nje, nguzo za chuma zilibeba roshani.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zililielekezea mizinga eneo hilo la kasri. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid bin Barghash, mwana wa mjenzi wa jumba, alikuwa amejitangaza mrithi bila idhini ya Waingereza. Vita havikufika saa moja. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa bandarini, na kasri la jirani, Beit al-Hukm, likabomolewa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, kisha Dar es Salaam. Watu wa upande wake wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Idadi hiyo inastahili kutajwa kila vita hivyo vinaposimuliwa kama kichekesho cha vita vifupi kuliko vyote duniani.

Beit al-Ajaib lilisalimika. Mwaka 1897 likaongezewa mnara wa saa tunaoujua, na baada ya 1911 likawa ofisi za serikali ya kikoloni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilitumiwa na chama cha Afro-Shirazi, na hatimaye likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na mwambao wa Waswahili. Hapo ndipo watoto walipoweza kuuzunguka mtepe uliowekwa ukumbini na kuona kwa macho yao jinsi mbao za chombo zinavyoshonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja.

Kilichoishinda mizinga kikafanywa na uchakavu. Maji ya mvua yalipenya kwa miaka, chuma kikashika kutu. Mwaka 2012 sehemu ya roshani na paa iliporomoka, jumba likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya ukarabati uliogharamiwa na Oman, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara. Watu wawili walifariki.

Kulirudisha jumba kama lilivyokuwa kunahitaji kujua kila ngazi, nguzo na nakshi ilivyokaa. Mwenye albamu ya safari ile aifungue, na picha yoyote ya ndani ya jumba aipeleke nakala yake kwa wahusika wa makumbusho na mambo ya kale Zanzibar.