Nyumba ya mawe ya Lamu

Nyumba ya mawe ya Lamu, Kenya, ni makazi ya Waswahili yaliyojengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, hasa katika karne ya 18. Urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba viwe vyembamba, lakini mpangilio wa nyumba ulifuata heshima na utohara.

Mgeni huishia kwenye baraza za daka, ukumbi wa mlangoni. Tekani, njia ya kuingilia ndani, hupinda ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani, uwanja wa wazi wa ndani. Kutoka hapo misana, yaani vyumba virefu vyembamba, hufuatana, kila mmoja ukiinuka kidogo, hadi chumba kiitwacho ndani, chenye ukuta wa zidaka: safu za vishubaka vya lipu iliyochongwa, vyenye sahani za kaure kutoka China. Mtafiti Linda Donley-Reid aliona humo kinga dhidi ya husuda na najisi, si pambo tu. Hoja yenye uzito, kwa kuwa ukuta huo hutangulia nyumba ya kati, chumba kilichotumika kujifungulia na kuoshea maiti, mambo yaliyohusishwa na najisi.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001.