Shajara ya shule (Turkana)

Shajara ya shule ni daftari ambamo mwanafunzi huandika vipindi vya siku, kazi ya ziada, vifaa vya kubeba kesho yake na tarehe za mitihani. Shajara zilizochapishwa huuzwa madukani, lakini daftari la kawaida lililopigwa mistari kwa rula linatosha. Mjini Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, na Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kutoka hapo kuelekea kaskazini magharibi, pengine hilo ndilo bora, kwa kuwa mwenyewe huchora safu anazozihitaji.

Safu ya kwanza hujazwa kutoka kwenye ratiba ya darasa. Nchini Kenya kipindi ni dakika 30 katika madarasa ya chini ya msingi, 35 katika ya juu, na 40 katika sekondari. Ratiba hubandikwa ukutani kwa saa za Kiingereza, ilhali nyumbani na sokoni saa huhesabiwa tangu macheo: 8:20 ya ukutani ni saa mbili na dakika ishirini. Mtoto aliyekulia Lodwar huzipokea hesabu zote mbili bila kufikiri. Kakuma mambo hayawi mepesi hivyo. Kambi ya wakimbizi ya hapo ilianzishwa 1992, walipofika maelfu ya wavulana waliokimbia vita vya Sudan, na leo dawati moja laweza kukaliwa na Msudan Kusini, Msomali, Mwethiopia na Mkongo. Mwethiopia hasumbuki na saa ya macheo, maana ndiyo ya kwao pia. Kinachomsumbua ni kalenda, kwani ya kwao ina miezi 13 na mwaka mpya huingia Septemba. Dawa ni kuchagua mtindo mmoja wa kuandika saa na kutouacha muhula mzima, kisha kutaja jina la siku kando ya kila tarehe. “Jumanne tarehe 14” hujisahihisha. “14” peke yake haijisahihishi.

Msongamano umewahi kuzifanya shule za kambini zifundishe kwa zamu mbili, asubuhi na alasiri. Hapo shajara yenye masomo tu haimsaidii mtu. Mwanafunzi wa zamu ya alasiri anayo asubuhi nzima, na asubuhi hiyo ina wenyewe: foleni ya maji bombani, wadogo zake, siku ya mgao wa chakula. Haya huandikwa kwanza, kwa wino, kwa sababu hayasogezwi. Kazi ya ziada hutafutiwa nafasi katikati yake. Wasichana ndio wenye nafasi finyu zaidi, na mwalimu wa darasa anayekagua shajara huliona hilo upesi kuliko katika rejista ya mahudhurio.

Mwanga nao ni wa kuhesabiwa. Turkana iko magharibi mwa nchi, hivyo jua lake huchelewa kwa takriban dakika 20 ikilinganishwa na Lamu iliyo mashariki, ingawa saa ni moja. Jioni hulipwa deni hilo: Lodwar hubaki mwanga hadi kiasi cha saa kumi na mbili na nusu na zaidi kidogo. Katika nyumba isiyo na umeme wala taa ya sola, kazi ya kusoma huwekwa kabla ya hapo, na kufunga begi huachiwa giza.

Tarehe za mihula huandikwa kwa penseli. Baada ya shule kufungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kalenda ya Kenya ilibanwa, na mwaka wa masomo wa 2022 ulianza Aprili; Januari ilirejea 2023. Mwaka 2024 mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili hadi Mei 13. Hata pasipo agizo la wizara, mto Tarach wa Kakuma na Kawalase wa Lodwar, ambayo kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, ikijaa huwakatia wanafunzi njia, na mtihani wa Ijumaa huhamia Jumatatu.