Recado: rangi iliyowatangulia Wahispania

Diego de Landa, mtawa wa Kihispania ambaye baadaye alikuwa askofu, alipokuwa akiandika habari za Yucatán, huko Meksiko, mnamo mwaka 1566, hakuusahau mti mmoja mdogo ambao Wamaya waliupanda kwenye nyua za nyumba zao. Alieleza matunda yake yenye miiba na mbegu zake nyekundu, akasema wenyeji huzitia katika vyakula kwa ajili ya rangi, kama Wahispania walivyotia zafarani, na kwamba rangi yake hushika vibaya sana ikikugusa. Huyu ndiye Landa yuleyule aliyeamuru vitabu vya Wamaya vichomwe moto huko Maní mwezi Julai 1562. Vitabu vyao vya kale vinavyojulikana leo duniani havizidi vinne. Lakini elimu ya kuunga chakula haikuwa vitabuni. Ilikuwa mikononi mwa wanawake, na hiyo ikasalimika.

Mti wenyewe ni achiote. Rojo zito linalosagwa kutokana na mbegu zake pamoja na viungo vingine, watu wa Yucatán huliita recado. Nimesoma mara nyingi kwamba mapishi ya Amerika ya Kilatini ni mchanganyiko wa dunia mbili, nusu ya huku na nusu ya kule. Kwa recado sikubali hesabu hiyo. Viungo vilivyotoka ng'ambo ni wageni waliokaribishwa katika nyumba iliyokwisha kujengwa, na nyumba ni ya Wamaya.

Tazama kilichokuwapo kabla. Achiote ilitiwa katika kinywaji cha kakao mpaka kikawa chekundu, na watu walijipaka mwilini. Kulikuwa na jiwe la kusagia, metate, ambalo mwanamke hulipigia magoti na kusaga kwa kusukuma jiwe la pili mbele na nyuma. Pilipili za aina nyingi zilikuwapo. Palikuwa na oregano ya hukohuko, jani pana lenye harufu kali, ambalo halina undugu wa karibu na oregano ya Bahari ya Kati. Kutoka misitu ya jirani ilikuja tembe ya kahawia ambayo Wahispania waliiita pilipili ya Tabasco; ukiitafuna unapata karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja. Kisha kulikuwa na pib, yaani shimo la ardhini lenye mawe yaliyochomwa mpaka yakaiva, ambamo nyama ya paa au bata mzinga ilifunikwa kwa majani na udongo ikaachwa kwa saa nyingi. Yote haya yalikuwapo Mhispania Francisco de Montejo mdogo alipouanzisha mji wa Mérida Januari 1542, juu ya magofu ya mji wa Wamaya wa T'ho.

Wageni ndio hao walioingia baadaye. Nguruwe na kuku walivuka bahari na Columbus katika safari yake ya pili, mwaka 1493. Kitunguu saumu na bizari nyembamba vilitoka Hispania, na bizari ilikuwa imezama katika mapishi ya huko katika karne ambazo Waislamu walitawala Andalusia. Pilipili manga, mdalasini na karafuu vilitoka Asia, vingine kupitia Seville, vingine kwa merikebu za Manila zilizotia nanga Acapulco tangu 1565 hadi 1815. Hata mgomba, ambao leo majani yake ndiyo yanayofunga nyama ndani ya pib, ulikuwa mgeni.

Mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mbele ni danzi. Bernal Díaz del Castillo, askari aliyeandika habari za vita vya Meksiko, anadai kwamba yeye mwenyewe alipanda mbegu za machungwa huko Tonalá mwaka 1518. Iwe ni yeye au mwingine, danzi lilishika Yucatán likapata kwao. Utalikuta uani kwa kila mtu, na maji yake ndiyo yanayolegeza recado kabla ya kupakwa kwenye nyama. Ndimu tupu ni kali mno na chungwa tamu halina nguvu. Danzi lina uchachu na uchungu kidogo, na bila uchungu ule ladha ya achiote, ambayo ni ya upole na ya udongoudongo, hulala tu.

Mimi nimezaliwa Msambweni, nami nilijifunza kutengeneza recado San Francisco, katika mtaa wa Mission, ambako Wamaya wengi wa Yucatán wamehamia na kushika majiko ya mikahawa ya mji ule. Aliyenifundisha alikuwa mama mmoja wa Oxkutzcab. Nilimwita Doña, naye aliniita mwanangu. Alizungumza Kimaya na dada yake, Kihispania na sisi wengine, na alikuwa hapendi kabisa mtu apime viungo kwa macho.

Mbegu za achiote ni ngumu kama changarawe. Hapo ndipo wengi hushindwa, wakadhani mashine itawasaidia, kumbe inaruka nazo tu na kutoa chengachenga. Doña alichukua nusu kikombe cha mbegu, akazimwagia maji ya moto, akaziacha zilale mpaka asubuhi. Asubuhi alikaanga bila mafuta kijiko kimoja cha oregano, kijiko cha pilipili manga, nusu kijiko cha bizari nyembamba, tembe nane za pilipili ya Tabasco, kijiti cha mdalasini kisichozidi kidole, na karafuu nne. Nne, si tano. Nilipouliza kwa nini, mimi mtoto wa pwani ya karafuu, alisema karafuu ikisikika, recado imeharibika. Kitunguu saumu kizima alikichoma na maganda yake juu ya moto mpaka kikawa cheusi nje na laini ndani. Viungo vikavu vilisagwa kwanza, mbegu zikafuata, kisha kitunguu saumu na chumvi, na mwisho maji ya danzi kidogo kidogo mpaka rojo likashikana kiasi cha kufinyangwa. Alilifanya madonge, akayaacha yakauke juu ya jani la mgomba.

Katika soko la Lucas de Gálvez, mjini Mérida, madonge ya namna hiyo hupangwa kwa rangi. La kijani-kahawia, lenye oregano na pilipili manga kwa wingi, ni la nyama ya kukaanga. Jeusi linatokana na pilipili kavu zilizounguzwa hadi zikawa mkaa, kazi inayofanywa nje mbali na watu kwa sababu moshi wake hukaba koo. Jekundu ndilo la achiote. Viwanda navyo hufunga jekundu katika vipande vidogo na kuvisambaza hadi Marekani. Ukisoma maelezo ya baadhi ya pakiti utakuta unga wa mahindi na rangi za kutengenezwa kiwandani. Kutia rangi ya bandia katika kitu ambacho kazi yake ya kwanza ni rangi, hilo linaniuma.

Na linaniuma zaidi kwa sababu mti wenyewe ninaufahamu tangu utotoni. Kwetu Kwale ni mrangi, Unguja ni mzingefuri. Wakulima wa Kwale na wa Lamu wameuza mbegu zake kwa miaka mingi, na Kenya imo katika nchi zinazolisha viwanda vya dunia kwa rangi hii, pamoja na Peru na Brazil. Viwandani mbegu hukamuliwa rangi ya kutia katika jibini na siagi. Marekani ilipopiga marufuku mojawapo ya rangi nyekundu za viwandani mwaka 1976, rangi za mimea zilizidi kutafutwa. Sisi watoto tulipaka mbegu zile midomoni tukacheka. Sikuwahi kumwona mtu wa kijijini kwetu akizitia chunguni. Mkonge nao asili yake ni Meksiko, ukaletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893, nao tuliupokea kama zao la kuuza. Mkonge hauliwi, sawa. Mrangi unaliwa, na Wamaya waliutunza nyuani kwao kwa ajili ya chakula.

Anayetaka kuanza, aanze na kuku. Donge la ukubwa wa yai linatosha kuku mmoja. Livuruge katika maji ya madanzi mawili, mpake kuku ndani na nje, mwache usiku mzima. Jani la mgomba lipitishe juu ya moto kwanza lisipasuke, mfunge vizuri, umpike kwa moto mdogo sufuriani na maji kidogo chini, au kwenye makaa yenye majivu mengi, kwa saa mbili na nusu. Wenyewe humla na vitunguu maji vyekundu vilivyolowekwa katika maji ya danzi na chumvi, pamoja na pilipili ya habanero pembeni. Pilipili mbuzi inafaa vilevile.